Onja Bati: Paa la Mama na Chumvi ya Pangani

Nyumba ya mama yangu iko Pangani, hatua mia tatu hivi kutoka baharini. Kusi ikivuma usiku unasikia mawimbi yakivunjika hata kama madirisha yamefungwa. Tuliipaua mwaka 2009, mimi na wadogo zangu wawili, kwa fedha tuliyoichanga miaka minne. Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, mama alitoa mkeka uani, akakaa chini ya mwembe, akalitazama paa lake linavyomeremeta mpaka adhana ya magharibi. Tangu kuzaliwa alikuwa amelala chini ya makuti, na kila baada ya miaka michache ilibidi kuezeka upya. Jioni ile aliamini kazi ya kuezeka imekwisha.

Mwaka 2018, mwezi wa nane, alinipigia simu Dodoma ninakofanya kazi. "Mwanangu, ukuta wa mbele una michirizi myekundu, kama mtu amekula tambuu akautemea."

Nilijua palepale. Miaka tisa tu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nyumba niliyokuwa nimepanga Dodoma ilikuwa na mabati yaliyopigiliwa mwaka 1994. Migongo midogo kama yetu, geji 30 kama yetu, hayajawahi kupakwa rangi hata siku moja. Yalikuwa yamefifia yakawa na rangi ya jivu, lakini wekundu uliuona kwenye vichwa vya misumari tu. Nikaanza kuuliza. Ninaandika niliyoyapata kwa kusoma, kwa kuwasumbua mafundi na kwa kupanda juu ya paa mwenyewe, kwa sababu pwani yetu nzima, kutoka Mtwara hadi Lamu, watu wanajinyima miaka kupaua nyumba, kisha paa linaliwa mbele ya macho yao, na wanaambiwa tu kwamba bahari ndivyo ilivyo.

Bati ni chuma chembamba kilichovikwa zinki. Bati la mawimbi lilipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, Uingereza mwaka 1829, kwa jina la Henry Robinson Palmer, lakini kinga yake ilikuja mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipopata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa. Viwanda vya leo vinafuata njia hiyohiyo. Zinki inafanya kazi mbili. Kwanza inakifunika chuma kisikutane na maji na hewa. Pili, na hii ndiyo inayonigusa kila nikiifikiria, inakubali kuliwa kwa niaba yake. Likwaruze bati mpaka chuma kionekane: zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo italiwa yenyewe kwanza, na chuma kitabaki salama. Kwa hiyo paa la kijivu linaloonekana zima kabisa huwa linapungua kila siku bila wewe kuona chochote. Ukiona wekundu, jua mlinzi alishakufa kitambo.

Na huyo mlinzi ni mwembamba mno. Bati lenye alama ya Z275 limebeba gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili. Ukigawa, kila upande unapata unene wa mikroni 19 hivi, yaani sehemu 19 za milimita iliyokatwa mara elfu. Unywele wa kichwani ni mikroni 70 hivi. Bati la Z100 lina mikroni 7 tu kila upande. Sasa weka hapo hewa. Kipimo cha kimataifa cha ISO 9223 kinapanga hewa za mahali kwa madaraja, kwa kadiri zinavyokula chuma. Katika daraja la C2, ambalo ni hewa tulivu ya bara isiyo na chumvi wala moshi mwingi, zinki hupungua kati ya mikroni 0.1 na 0.7 kwa mwaka. Katika C5, ambamo zimo pwani zenye chumvi nyingi, hupungua kati ya 4.2 na 8.4. Piga hesabu mwenyewe: mikroni 19 kule bara zinaweza kumzika mwenye nyumba, na huku pwani zikaisha mtoto hajaanza shule.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapomsikia mtu dukani akiuliza geji peke yake. Geji ni unene wa chuma (namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba), na ni muhimu kwa upepo na kwa fundi atakayelikanyaga. Lakini anayeamua paa litakaa miaka mingapi ni zinki, na dukani hakuna anayeitaja mpaka umuulize. Uliza lina gramu ngapi. Muuzaji asipojua, muombe akuonyeshe karatasi ya kiwandani.

Sisi hatukuuliza. Tena tuliongeza kosa la pili, ambalo naliona karibu kila mtaa. Mwaka 2010, paa likiwa bado jipya, tuliamua kulilinda kwa kulipaka rangi. Wazo lilikuwa zuri kabisa. Fundi aliyekuja alinunua rangi ya mafuta, ileile ya milango na madirisha, akaipaka moja kwa moja juu ya bati linalong'aa. Lilipendeza, jekundu la matofali, majirani wakaja kuuliza bei. Mwaka wa pili rangi ikaanza kuinuka pembeni. Wa tatu ilikuwa inabanduka vipande vipana kama magamba ya changu, na ukikigeuza kipande unakuta upande wa chini laini kabisa, kama hakijawahi kushikana na kitu.

Tulilaumu rangi kwamba ni feki. Leo najua huenda ilikuwa rangi nzuri tu iliyopelekwa mahali pasipo pake. Kinamama wa pwani wanaopika sabuni ya nazi wanajua mafuta yakikutana na magadi yanageuka. Zinki nayo hufanya kitu cha namna hiyo: inakula mafuta yaliyomo ndani ya rangi, na katikati ya rangi na bati kunatokea utando wa sabuni ya zinki. Rangi inabaki imekalia sabuni. Bati nalo halitulii. La urefu wa mita 3, likitoka nyuzi 22 za alfajiri likafika nyuzi 62 za mchana, hurefuka karibu milimita moja na nusu, halafu usiku hurudi. Rangi ngumu iliyokalia sabuni haiwezi kuufuata mwendo huo kila siku. Itapasuka, maji yataingia chini yake, na bati litaloa kwa muda mrefu kuliko kama usingelipaka kitu.

Baada ya ile simu ya mama niliomba likizo nikashuka Pangani. Mdogo wangu alikuwa amempata mzee mmoja ambaye maisha yake yote amepaka rangi boti na matangi ya maji. Alikuja asubuhi, kanzu imepandishwa, ngazi begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapi panavuja?"

Nikamwonyesha juu. Hakupanda juu. Alisimamisha ngazi upenuni, akapanda vipandio vinne, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha chini ya bati, ule upande unaotazama ardhi, akakiweka ulimini. Kisha akashuka, akaniambia nipande nifanye vilevile.

"Onja."

Nikaonja. Chumvi kali, kama nimelamba jiwe la ufukweni.

"Sasa juu." Nikapitisha kidole juu ya bati, hatua moja tu kutoka pale. Halikuwa na ladha. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha.

"Huko juu mvua inakuogeshea," akasema. "Huku chini nani anakuogeshea?"

Sijasahau swali lile. Miaka tisa tulikuwa tunalitazama paa kutoka juu, na lilikuwa linaliwa kutoka chini. Upepo unabeba vumbi la maji ya bahari, unaingia upenuni, unaacha chumvi kwenye bati na kwenye maungio, na mvua haifiki huko kuiondoa. Chumvi ikikaa mahali huita maji. Unajua mkebe wa chumvi jikoni unavyotota wakati wa masika hata kama hakuna aliyeumwagia maji. Chini ya bati ni hivyohivyo, kila usiku. Asubuhi nyumba kavu, lakini upenuni bati limelowa maji ya chumvi. Michirizi ya mama ilikuwa imetoka hukohuko.

Tulisubiri Februari 2019, kaskazi ikiwa imeanza kuchoka na masika haijaingia. Mzee alianza kwa kupita bati moja moja na bisibisi. Penye wekundu alikandamiza. Bisibisi ikizama au bati likilia kama karatasi, aliweka alama ya chaki. Kati ya mabati 72, 13 yalipata chaki, karibu yote ya upande wa bahari. "Bati lililotoboka halipakwi," akasema, "unapaka rangi hewa." Tukayabadilisha, na badala ya misumari tukaweka skrubu zenye mpira.

Kisha siku mbili nzima za kuosha. Mimi nilidhani tunajiandaa kufanya kazi, kumbe kazi ndiyo hiyo. Maji yenye sabuni kidogo, brashi, halafu maji matupu mengi, juu na chini. Mdogo wangu alitaka kutumia maji ya kisima cha jirani kuokoa bili. Mzee akaomba kikombe, akaonja, akakimwaga. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi chumvi. Ungeliosha bati kwa kitu kilekile unachokikimbia. Tukatumia maji ya bomba.

Rangi ya zamani tuliibandua yote iliyokubali kubanduka. Mahali iliposhika alijaribu kwa kisu na selotepu: anachora alama ya mkasi, anabandika selotepu, anaivuta kwa ghafla. Ikija na rangi, hapo papigwe tena msasa. Penye kutu ilikuwa brashi ya waya, mkono kwa mkono, mpaka kutu yote iliyolegea itoke. Lakini penye kijivu alinizuia nisisugue kwa nguvu. "Hiyo ndiyo mali yako iliyobaki."

Kwenye mashimo madogo ya kutu ambayo brashi haiwezi kuyafikia alipaka dawa ya kutu, ile inayogeuza wekundu kuwa mweusi. Nilisoma chupa: tanini. Ni ya ukoo mmoja na tanini iliyomo kwenye maganda ya mikoko, ambayo pwani hii ilikuwa ikiyauza ng'ambo kwa ajili ya kusindika ngozi. Inashikamana na kutu na kuifanya itulie. Haifufui chuma kilichokwisha, na anayeipaka juu ya kutu inayomeng'enyeka anapoteza fedha yake.

Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, ilipakwa siku ileile sehemu ilipokauka, kabla upepo wa usiku haujaleta chumvi mpya. Kwenye chuma kilichokuwa na kutu tulipaka mara mbili praima ya zinki fosfeti. Kwenye kijivu, praima ya akriliki iliyoandikwa wazi kwamba ni ya mabati yenye zinki. Saa tatu asubuhi ndiyo tulianza, si kabla. Usiku paa hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na umande hulikalia hata katika joto la Februari. Bati linaloonekana kavu saa moja asubuhi ukilipitishia kiganja unakuta kimelowa. Saa tano tulishuka, maana bati lilikuwa la moto kiasi kwamba rangi ingekauka juu kabla ya kushika chini, ikatoa malengelenge. Saa tisa tukapanda tena, na saa kumi na nusu tukafunga ndoo ili rangi ikauke kabla umande haujarudi. Kazi ambayo fundi mwenye haraka angeimaliza kwa siku mbili ilituchukua tisa.

Mama alipoona ndoo za rangi alishtuka. "Rangi ya maji? Juu ya paa? Masika si itaiosha yote?"

Wengi huuliza hivyo, na ni swali la haki. Rangi ya akriliki ya mapaa inachanganywa kwa maji, lakini ikishakauka hairudi kuwa maji tena. Haina mafuta ya kuliwa na zinki, na inavutika bati linaporefuka na kusinyaa. Kwa paa la zinki lililo juani mimi naichagua kuliko rangi ya mafuta bila kusita. Epoksi inashika chuma vizuri sana, nimeona ikitumika kwenye boti, ila jua huipausha ikawa unga, kwa hiyo juu yake lazima pakae rangi nyingine. Poliyurethani ni imara kuliko zote nilizotaja, bei yake ndiyo inayomzidi mtu wa kawaida.

Mzozo mmoja tuliupata. Kijana aliyekuwa akisaidia alitaka kuongeza maji kwenye rangi ili iende mbali. Mzee alimkatalia kwa ukali ambao sikuutarajia kwake. Baadaye nikapiga hesabu nikamwelewa. Lita moja ikifunika mita 8 za mraba, rangi mbichi ina unene wa mikroni 125. Maji yakiondoka hubaki pungufu ya nusu, tuseme 50. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni mikroni 100. Ukiichanganya ikafunika mita 16, umebaki na nusu ya kinga kwa bei ya rangi ileile, na kwa macho huoni tofauti hata kidogo. Paa letu, ukiongeza sehemu ya kumi kwa sababu ya mawimbi ya bati, lilikuwa mita 155 hivi za mraba, yaani ndoo ya lita 20 kwa kila mkono. Fundi akikwambia ndoo moja itatosha kwa mikono miwili kwenye paa kama hilo, ujue moja kati ya mikono hiyo ni maji.

Tulipaka na upande wa chini, kuanzia ukingo wa upenu hadi pale ukuta unapoanza. Nimekutana na mafundi wengi waliosema hiyo ni kupoteza rangi. Hawajaonja.

Mama hukinga maji ya mvua kwa gata na kuyanywa, kwa hiyo kabla ya kununua nilihakikisha rangi haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na paa linaloshuka kwenye tangi la kunywa si mahali pa kubahatisha. Mvua za kwanza baada ya kupaka tuliziacha zimwagike.

Yapo mengine yanayoua paa mapema ambayo nimeyaona kwa wengine. Kukata bati kwa grenda: cheche huunguza zinki kwenye ukingo, na chembe za chuma zinazorukia bati jirani hugeuka madoa mekundu baada ya wiki. Mkasi wa bati unachosha mkono lakini hauachi kidonda. Waya wa shaba kuligusa bati, au maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba kuliangukia, hula zinki haraka. Mbao za dawa nyingi zina shaba ndani yake, kwa hiyo papi, zile mbao zinazobeba bati, zikauke kabla ya kupaua. Majani ya mwembe yanayorundikana kwenye mfereji wa paa yanashika unyevu kama tambara. Na ukinunua mabati leo halafu ujenzi ukasimama, usiyalaze moja juu ya jingine uani yakanyeshewa. Yanaota unga mweupe, na huo ni zinki yako inayoondoka kabla hujapaua.

Anayejenga sasa ana chaguo ambalo sisi hatukulijua. Kuna mabati ya aluzinki, mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki karibu asilimia 43.4 na silikoni 1.6, uliotolewa sokoni na Bethlehem Steel ya Marekani mwaka 1972. Mahali pengi hudumu kuliko zinki tupu. Ila lisiguswe na saruji mbichi, maana alumini haiivumilii. Mabati ya rangi ya kiwandani, msauzi na ya vigae, ni mazuri pia, mradi ukumbuke kwamba rangi ile mara nyingi ni mikroni 25 tu pamoja na praima yake. Kila mkwaruzo wakati wa kupaua ni mlango. Na ile karatasi ya dhamana isome yote kabla ya kulipa. Nyingi zinaziondoa nyumba zilizo karibu na bahari, au zinakutaka uoshe sehemu zisizofikiwa na mvua. Wenye viwanda wanajua alichokijua yule mzee.

Mwaka 2024, mwezi wa saba, nilikuwa Pangani tena. Rangi imeshika. Upande wa bahari imeanza kupauka, ukipitisha kiganja unaondoka na unga mweupe, kwa hiyo mkono mwingine utahitajika hivi karibuni. Chini ya kofia ya paa kuna doa moja la kutu la upana wa sarafu, pale ambapo nadhani brashi yangu haikufika. Ndani ya nyumba hakuna ndoo hata moja ya kukinga matone.

Kusi ilikuwa imevuma wiki mbili bila mvua. Nilichukua ngazi nikaiegemeza upenuni, nikapanda vipandio vinne, nikalowesha kidole. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake chini ya mwembe akinitazama.

"Ipo?" akaniuliza.

"Ipo, mama. Nyingi."

Akamwita mjukuu wake afungue bomba.